Mlango Ufunguliwe Mbele ya Shahidi
Mhadhara kwa mafundi vijana, Walukuba, Jinja

Mwenyekiti wa LC1 (baraza letu la mtaa), wazee wetu, mama zetu, na ninyi vijana mlioacha shughuli zenu mchana huu: hamjambo. Nitasema Kiswahili, maana hapa Walukuba ndiyo lugha iliyowakutanisha baba zetu walipokuja kutoka kila upande kutafuta kazi viwandani, miaka ile bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa, 1954.

Nimeombwa nieleze fundi wa vitasa na funguo anayejitegemea anapataje kazi ya kudumu. Nilipokuwa naingia, mzee mmoja alinishika mkono akaniuliza, "Mwanangu, si utawafundisha wezi?" Mzee wangu, swali lako naliheshimu, na nitaanza nalo, kwa sababu kila mteja analo moyoni hata asipolisema. Mteja wa seremala anataka kujua kama meza itasimama. Mteja wetu anajiuliza: huyu aliyefungua mlango wangu kwa dakika tano, nikisafiri itakuwaje? Basi anakulipa, anakushukuru, na kwa jirani hakutaji. Fundi anakaa anashangaa kwa nini kazi haziongezeki, na huku mkono wake ni mzuri.

Mwaka 1851 kulikuwa na maonyesho makubwa London. Mmarekani mmoja, Alfred Charles Hobbs, alikuja kuuza vitasa. Uingereza nzima iliamini kitasa cha kampuni ya Chubb hakifunguki bila ufunguo wake. Na kufuli la kampuni nyingine, Bramah, lilikuwa limewekwa dirishani mwa duka lake tangu 1790, na tangazo kwamba atakayelifungua atapewa gini 200, fedha ya Uingereza ya zamani. Hobbs alikifungua cha Chubb kwa dakika 25. Kufuli la Bramah lilimchukua zaidi ya saa 50, siku nyingi mfululizo, akalifungua, akalipwa. Watu walilalamika kama mzee wangu hapa, kwamba anawafundisha wezi. Lakini Hobbs hakujificha. Cha Chubb alikifungua mbele ya mashahidi waliotia sahihi, na la Bramah aliligusa baada ya waamuzi kuteuliwa. Baadaye akaanzisha kampuni yake ya vitasa hukohuko London. Na watu wakanunua kwake.

Kwa hiyo nasema: usifungue mlango wa mtu bila shahidi, na usiondoke bila kuandika. Daftari langu la sasa ni la nane. Naandika tarehe, mlango upi, nani ameniita, nimeona kitambulisho gani, shahidi ni nani, nimefanya nini. Mteja anatia sahihi. Kuna kitu kimoja siandiki kamwe: vipimo vya meno ya ufunguo havikai pamoja na jina la mwenye nyumba. Wala sibaki na nakala. Nikimaliza, ninahesabu funguo zote mkononi mwa mteja, kwa sauti, shahidi akisikia. Nawaambia ukweli, kuhesabu huko kumeniletea kazi kuliko kibao chochote nilichowahi kuchora.

Usiku mmoja kijana aliyevaa vizuri alikuja nyumbani kwangu, akasema ameacha funguo ndani na mtoto amelala peke yake. Jambo la mtoto linauma. Nilichukua mfuko wangu, lakini nikamwambia njia yetu inapitia kwa mwenyekiti wa mtaa. Akasema mwenyekiti amelala. Nikamwambia tutamwamsha, kwa sababu ya mtoto. Tulipofika kona ya tatu nikageuka, hayupo. Asubuhi nilimsimulia mwenyekiti, naye akasimulia kikaoni. Sikupata shilingi usiku ule, ila tangu hapo mlango ukigoma mtaani, mwenyekiti mwenyewe ndiye anayenipigia.

Na sheria pia tuiangalie. Sheria yetu ya makosa ya jinai inamtia hatiani mtu anayekutwa usiku na zana za kuvunjia nyumba bila sababu halali, na ni juu yake kuithibitisha sababu hiyo. Mfuko wako wewe, kwa macho ya askari, umejaa zana hizo. Tembea na kitambulisho cha taifa, barua ya LC1 na daftari. Sajili jina la biashara pale URSB, ofisi ya serikali ya kusajili biashara, ukate leseni ya biashara kwa halmashauri. Hayo hayachukui muda mrefu, sitayarefusha.

Sasa kazi zenyewe ziko wapi? Nilikaa miaka mitano chini ya mwavuli karibu na steji, nasubiri mtu anayetaka nakala. Siku njema funguo kumi, siku ya mvua moja, siku nyingine hakuna. Kuchonga nakala ni kazi halali, na vijana wa boda wenye Bajaj Boxer wamenilisha siku nyingi, Mungu awabariki. Lakini mwavuli unamngoja mteja apatwe na shida, na shida haina ratiba. Nikaanza kutafuta milango yenye ratiba.

Nyumba za kupanga ndizo za kwanza. Mama mmoja ana mizigo, yaani vyumba vya kupanga, kumi na minne. Mpangaji akihama anarudisha ufunguo mmoja, na nani ajue alichonga ngapi? Mpangaji mpya analala na hofu, akiibiwa lawama zinamwangukia mama. Kununua kitasa kipya kila mara ni gharama. Nikamweleza: ndani ya silinda, pale ufunguo unapoingia, mna pini, mara nyingi tano, zenye urefu tofauti, na ufunguo unazunguka pale tu pini zote zinaponyanyuliwa zikafika mstari mmoja. Nikizibadilisha pini, ufunguo wa zamani umekufa, na mwili wa kitasa ni uleule. Tukakubaliana: akihama mtu, ananiita kabla mwingine hajaingia. Ninayo silinda ya akiba. Naivisha, ile iliyotoka naipanga upya nyumbani, inangoja chumba kitakachofuata. Mama huyo ana dada, dada ana hosteli. Hosteli ina mwaka wake wa masomo, vyumba vinahamwa pamoja, na sasa naijua kazi yangu ya Agosti tangu Juni.

Shule za bweni nazo zina mihula mitatu, na kila muhula watoto hupoteza funguo za masanduku. Desemba watu wanafunga nyumba kwenda kijijini kwa Krismasi, wapigie Novemba. Ukiwa na daftari unajua ni nani wa kumpigia. Mpigie pia miezi sita baada ya kazi, umuulize mlango unasemaje. Vumbi letu jekundu likiingia kwenye kitasa, mwenye nyumba anatia mafuta ya kupikia, yananata, kitasa kinagoma. Mwambie asage risasi ya penseli, unga wake unatosha. Hapo hujauza kitu, lakini amejua unajali mlango wake hata pasipo na malipo.

Kosa langu moja nilieleze, maana linanisumbua bado. Mwalimu mmoja alijifungia nje na mvua inanyesha. Kitasa kingefunguka kwa subira ya nusu saa. Nilikuwa na haraka, nikatoboa kwa drili, nikamuuzia kipya. Alilipa. Baadaye aliuliza fundi mwingine akaambiwa ukweli. Hakuniita tena, wala shule yake. Tangu siku ile drili inatoka mfukoni baada ya kumweleza mteja kwa nini, na yeye kukubali.

Kwenye nakala vilevile tuwe wakweli. Ukichonga kutoka kwa nakala ya nakala, kosa dogo la tupa linazaa jingine, na ufunguo wa nne hauingii. Mteja akileta ufunguo uliolika, mwambie. Muombe ule wa kwanza, au uende ukapime kwenye kitasa chenyewe. Wachomeleaji wa mageti na maseremala ni ndugu zetu. Wao ndio wanaofika mlangoni kabla yetu, wachongeeni funguo zao vizuri na kwa wakati.

Ile hosteli niliyoitaja ina milango arobaini ya kubadilishwa kabla wanafunzi hawajarudi. Mikono yangu peke yake haitoshi, nahitaji vijana wawili. Kesho saa mbili asubuhi nitakuwa hapa na mashine yangu. Anayetaka aje na barua ya mwenyekiti, na daftari jipya.