Blighty: Neno la Waingereza Lenye Udugu na Ulaya Yetu

Haya ndugu zangu, hamjambo huko nyumbani? Niko Birmingham, na baridi ya leo msiniulize. Kuna neno nimewaletea: Blighty. Tamka Blaiti.

Ni neno la utani, na vijana wa huku hawalitumii sana. Ni la wazee na magazeti. Mwingereza aliyehamia Hispania akikwambia anarudi Blighty, anarudi kwao, Uingereza. Utadhani ni neno lao la asili. Wapi! Wamelitoa India.

Asili yake ni Kiarabu: wilaya, yaani utawala, au nchi iliyo chini ya mtawala. Likapita kwa Waajemi, likaingia India likawa vilayati, wengine wakitamka bilayati, kwa maana ya kitu cha kigeni, hasa cha Uingereza. Maji ya soda yakaitwa bilayati pani, maji ya Ulaya. Nyanya, kwa kuwa ilikuja na wageni, ikaitwa bilinganya ya Ulaya. Mnacheka nini, na nyie mna viazi ulaya jikoni? Maana hii Ulaya yetu nayo imetoka kwenye wilaya hiyohiyo ya Kiarabu. Kwa hiyo mkuu wa wilaya, Ulaya na Blighty, wote ukoo mmoja!

Askari wa Kiingereza waliokaa India ndio waliolibeba. Na hapa ndipo raha yangu ilipo: neno ambalo Mhindi alimwitia mgeni, mgeni mwenyewe akalichukua akaita kwao.

Likavuma kwenye Vita Kuu ya Kwanza, 1914 hadi 1918, kule kwenye mahandaki ya Ufaransa na Ubelgiji. Huko Blighty likawa pia jina la jeraha. Si jeraha la kukuua, lakini zito kiasi cha kupandishwa meli urudishwe Uingereza. Mtu kapigwa risasi ya mguu, wenzake wanamwonea wivu! Wapo waliojipiga risasi wenyewe, na ukigundulika, ni mahakama ya kijeshi. Mshairi Wilfred Owen, aliyekuwa ofisa huko, aliliingiza neno hili katika mashairi yake. Yeye aliuawa Novemba 4, 1918, wiki moja tu kabla ya mapigano kusimama.

Siku hizi limebaki la mzaha. Ukija huku usiende kulisema kwenye usaili wa kazi, watakushangaa. Haya, niambieni: huko kwenu, ukiacha viazi, nini kingine mnakiita cha ulaya?