Anzieni Feri
Mhadhara kwa waongoza watalii wa mlimani, Moshi

Habari za asubuhi, wadogo zangu. Nimepewa dakika arobaini na mwenzetu mmoja pale nyuma ameshaanza kusinzia, kwa hiyo salamu ziishie hapo.

Kuna siku nilikuwa kwenye basi la kwenda Dar. Mbele yangu alikaa kijana wa kazi yenu na mgeni wake, mzungu mmoja aliyetoka kushuka mlima, pua imebabuka na jua. Mgeni akauliza: nina siku nzima Dar kabla ya kupanda boti ya Zanzibar, nifanye nini? Kijana akajibu bila hata kufikiri: "Dar hakuna kitu. Joto na foleni tu. Wewe pumzika hotelini."

Nilinyamaza, maana si adabu kumharibia mtu kazi mbele ya mgeni wake. Lakini jibu lile lilinikaa kooni mpaka Chalinze. Mimi ni mtoto wa hapa hapa, Njoro, ila miaka ishirini na mitatu nimeila Dar nikiwa wakala wa forodha, kukimbizana na makaratasi ya makontena ya watu. Gari sikuwa nalo miaka kumi ya kwanza. Mji ule nimeujua kwa soli za viatu.

Dar ya foleni ipo, nani atabisha? Mnaposhuka kituo cha Magufuli kule Mbezi mnakutana nayo uso kwa uso. Lakini ile ni Dar ya magari. Ipo Dar nyingine, ya miguu, imebanwa kati ya Feri na stesheni ya reli, na ukiifuata pwani yake yote haifiki kilomita tatu. Tena tambarare. Ninyi mnaopanda ukuta wa Barranco kule Kilimanjaro na mizigo mgongoni, hata jasho la kweli haitawatoa. Jasho litakalowatoa ni la joto, na hilo tutaliongelea.

Jambo langu leo ni moja. Mji wowote una mlango ulioingiza mizigo, na mzigo ndio ulioujenga mji. Ukitaka kumtembeza mgeni, usianze na duka wala hoteli. Anza pale mzigo ulipotua. Dar mlango huo ni maji.

Kwa hiyo saa kumi na mbili asubuhi muwe Feri, soko la samaki. Msije saa tatu, saa tatu mtakuta magamba na paka. Alfajiri ndipo wavuvi wa usiku wanapoleta, na mnada unafanyika pale pale kwenye zege lililolowa. Mtazameni dalali. Amelaza nguru mmoja mrefu kama mguu wa mtoto, mgongo bado una ile rangi ya buluu inayokufa kadiri jua linavyopanda. Anataja bei kwa sauti, lakini masikio yake hayafanyi kazi sana. Anafanya kazi ya macho. Mchuuzi wa kwanza anakuna shingo, bei imepanda. Mama mmoja mkaanga samaki ananyanyua kidevu kidogo tu, imepanda tena. Mtu wa tatu anageuka kama anaondoka, na dalali anajua kabisa kwamba huyo haendi popote. Dakika moja haijaisha, nguru ana mwenyewe na mnada umeshahamia kwenye fungu la vibua. Mgeni wenu anaweza kuangalia mchezo ule saa nzima asielewe neno hata moja, na asichoke.

Mfundisheni na kumjua samaki. Jicho liwe limetuna na linang'aa, matamvua yawe mekundu, ukibonyeza nyama irudi. Hayo hata asiponunua, atayabeba mpaka kwao.

Mimi siku yangu ya kwanza pale nilivaa suruali nyeupe. Ndiyo, chekeni. Nilikuwa nimetoka Moshi, naenda kuripoti kazini saa mbili, nikasema nipite nikaone bahari kwanza. Jamaa mmoja akapita na tenga kichwani, maji ya samaki yakanishukia kuanzia kiunoni. Nikafika ofisini nanuka papa. Bosi wangu akanitazama, akasema, "Karibu bandarini." Jina likabaki hilo, wakaniita Papa miaka miwili.

Mkitoka mnadani, kunyweni supu ya pweza, ndimu na pilipili ya kutosha. Nayajua maneno mnayotaka kuyasema juu ya supu ile. Yaacheni, kuna akina dada humu ndani.

Baada ya hapo pandeni pantoni, mvuke Kigamboni kisha mrudi. Watu wengi wataona upuuzi: kwa nini uvuke kama huna shughuli ng'ambo? Kwa sababu mji wa bandari ulijengwa uonekane kutoka kwenye maji. Tangu daraja la Nyerere lifunguliwe 2016 wenye magari wana njia nyingine, lakini pantoni halijakosa abiria: baiskeli, kuku, wanafunzi, bodaboda, maiti na arusi, wote sitaha moja. Safari ni dakika chache. Mkirudi simameni upande wa mbele, mtaona minara ya makanisa na majumba ya vioo yakipanda nyuma yake.

Mkibahatika, pantoni litasimama kusubiri meli. Lango la bandari ile ni jembamba, na hiyo ndiyo siri yake yote: nje bahari inachafuka, ndani maji yametulia kama ya kwenye karai. Ndiyo maana Sultani Majid wa Zanzibar alipaona miaka ya 1860 akaanza kujenga, pembeni ya kijiji cha Mzizima. Sasa meli ya makontena inapita kwenye mlango ule kama lori linalopita kwenye uchochoro. Nahodha wake ametoka mbali, haijui njia, kwa hiyo rubani wa bandari amepanda huko nje kumwongoza, na matagi, zile boti za kuvuta meli, yanaisindikiza kama wapambe wa bibi arusi. Rubani yule ni mwenzenu. Mwenye chombo ni mwingine, lakini njia anaijua yeye.

Hapo tahadhari. Ikulu iko jirani kabisa, na bandari ni bandari. Mwambieni mgeni kamera ikae mfukoni mpaka mmeuliza. Nimeona watalii wakiimaliza asubuhi nzima wakijieleza kwa askari kwa sababu ya picha moja ya ukuta.

Kutoka Feri fuateni Barabara ya Kivukoni, maji yawe mkono wa kushoto. Mtafika kanisa la Azania Front, la Walutheri, lililoanza kujengwa 1898, vigae vyekundu na mnara. Wengi wenu humu ni KKKT, ingieni mkae kidogo, kuna ubaridi. Mbele kuna Mtakatifu Yosefu, la Wakatoliki, lililojengwa kati ya 1897 na 1902. Mnaona tarehe? Dar ilifanywa makao makuu ya Wajerumani 1891, na hapo hapo makanisa mawili yanapanda ufukweni kwa kukimbizana, kila moja linataka baharia alione la kwanza. Hayo ni maoni yangu, msije mkayaandika kwenye mtihani.

Nyumba ya kusimama kwa muda ni Atiman, Barabara ya Sokoine. Ni ya enzi za Majid, baadaye ikawa ya Mapadri Weupe, shirika la wamisionari Wakatoliki. Wakaipa jina la Adrian Atiman. Mtu huyu alizaliwa huko Afrika Magharibi, upande wa mto Niger, akatekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na wamisionari, akasomeshwa udaktari Malta, kisha 1889 akafika Karema kwenye ziwa Tanganyika. Akatibu watu pale mpaka alipofariki 1956. Hesabuni wenyewe: miaka sitini na saba kituo kimoja. Mimi nilipita mbele ya nyumba ile miaka sita nikidhani Atiman ni jina la Mhindi mwenye duka.

Jirani kuna Boma la Kale, la 1866 hivi, karibu na boti za Zanzibar. Gusieni ukuta: ni mawe ya matumbawe. Nyumba ilitoka baharini yenyewe. Basi.

Ikifika saa sita, acheni pwani. Jua la Dar mchana halina mazungumzo. Ingieni mitaani, mfuate kivuli mpaka makutano ya Samora na Azikiwe, kwenye sanamu ya Askari. Na hapa, wadogo zangu, naomba wagumu, wapagazi wetu wa mlimani, wasogee mbele.

Sanamu ile ilisimamishwa 1927, mahali palipokuwa na sanamu ya Wissmann, gavana wa Kijerumani. Askari wa shaba, bunduki na singe, ameelekea bandarini. Ni kumbukumbu ya Waafrika waliokufa kwenye vita vya 1914 mpaka 1918. Chini kuna maandishi, na Kiswahili kimeandikwa kwa herufi za Kirumi na za Kiarabu. Yasomeni mpaka mwisho, yanawataja wapagazi, kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Miguu na mikono. Lakini inueni macho: juu yupo askari peke yake. Nairobi, sanamu ya ukumbusho wa vita ile ile ina watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Dar amebaki kwenye maandishi. Amebaki na pahali pengine pia. Kile kikosi cha wapagazi, Waingereza walikiita Carrier Corps, watu wakalitamka walivyoweza, na leo kila machinga wa nchi hii anakwenda Kariakoo kununua mzigo. Wapagazi wale waliokufa, wengi hawakufa kwa risasi, walikufa kwa magonjwa na njaa, wamebeba mizigo ya watu wengine. Mgumu atakayesimama pale na mgeni wake asikose la kusema.

Mchana uliobaki pelekeni mgeni Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert. Mnawapeleka watu Olduvai, mnawaonyesha bonde ambamo Mary Leakey aliokota fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, mwaka 1959. Fuvu lenyewe liko wapi? Liko Dar, makumbusho yale. Na bustani ya mimea iko jirani, ina tausi, wanapiga kelele kama wanadaiwa kodi.

Nimeona mkono. Sema, mdogo wangu.

Ameuliza swali zuri: "Mzee, hayo ni ya Dar. Sisi Moshi bandari hatuna, mgeni akitaka kutembea mjini tunaanzia wapi?"

Nani kakwambia hatuna? Mlango wetu ni stesheni. Mji wa Moshi zamani ulikuwa juu, Old Moshi, kwa Mangi Meli, chifu wa Wachaga wa huko, na Wajerumani nao boma lao lilikuwa huko. Reli kutoka Tanga ilipofika 1911 haikupanda mlima, kwa hiyo mji ndio ulioshuka kuifuata. Sisi sote tuliomo humu tuko hapa kwa sababu garimoshi halikuweza kupanda kwenda kwa Meli. Bahari yetu ilikuwa Tanga. Kwenye vita ile ile Waingereza wakaleta reli ya Voi, Kenya, mpaka Kahe hapo jirani, tukapata bahari ya pili, Mombasa. Dar tuliunganishwa nayo kwa reli 1963 tu, kipande cha Ruvu kilipokamilika. Kwa hiyo Dar kwetu ni mgeni, mimi mwenyewe nashangaa tunavyoihusudu.

Anzieni stesheni, pandeni taratibu kuelekea Mnara wa Saa, na mtazameni mji unavyofunguka: maghala kwanza, kisha maduka ya Wahindi, kisha jengo la KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa. Kahawa ya mlimani ilishuka kwa punda na kwa vichwa vya mama zetu, ikapimwa, ikapakiwa. Wachaga walipochoka kupangiwa bei wakaunda umoja wao, na KNCU ikasajiliwa 1933. Nyanya yangu alikuwa na kitabu chake cha mauzo, kimefungwa kwenye kanga, akikitunza kuliko cheti cha ndoa. Halafu treni ya abiria ikafa, majani yakaota kwenye reli, watoto wakachezea mpira pale. Ikarudi Desemba 2019. Nilikwenda kuipokea, na niliwaona wazee wenye mikongojo wakipunga mikono kama watoto wa chekechea.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Wanaotaka kuipita njia hiyo kwa miguu, tukutane Jumamosi ijayo, saa kumi na mbili asubuhi, mlangoni pa stesheni. Tutaishia Mbuyuni kwenye mtori, na sokoni kuna watu wenye matenga. Suruali nyeupe ziacheni nyumbani.