Kusaka samaki wa rekodi yako: besi wa wenzetu na kambale wa Hombolo

Haya jamani tukae, wale wa nyuma sogeeni huku mbele viti vipo, hii maiki inakwaruza nitaongea hivi hivi. Shikamooni wazee wangu. Vijana mambo vipi.

Nimepewa nusu saa niongelee kumsaka samaki mkubwa kuliko wote uliowahi kuvua maishani mwako, na aliyetoa tangazo kwenye grupu akaandika kabisa "besi". Najua chanzo ni zile video mnazomaliza nazo bando usiku, Mmarekani kwenye boti ya mamilioni anashika lisamaki la kijani lina mdomo unaingia ngumi, analia machozi, analibusu, analirudisha majini. (watu wanacheka) Mnacheka ila mmoja wenu hapa juzi kaniuliza eti bwawa letu la Hombolo hapa Dodoma kuna besi. Mi Hombolo sijawahi kumuona. Ukimtaka kwa ukanda wetu huu panda mpaka Kenya, Naivasha, yupo kule tangu 1929 alipopelekwa kutoka Marekani, ziwa lipo juu kule maji ya baridi, na siku hizi anashiba kamba wale wekundu wa maji baridi ambao nao waliletwa tu. Sisi wa Dodoma tuna kambale na perege, tutafika huko. Ila nianze na besi maana hao jamaa wanaomvua wamelifikiria hili suala la rekodi kuliko mtu yeyote, na kuna kitu wamekijua kwa kuumia.

Kwanza tupige hesabu kidogo, msiogope, wala sio ya shule. Tuseme unaenda bwawa lile lile, saa zile zile, chambo kile kile, na kila safari unaandika uzito wa samaki mkubwa wa siku hiyo. Safari ya kwanza ni rekodi, hakuna ubishi. Ya pili una nafasi nusu kwa nusu ya kuivunja. Ya 10 una nafasi 1 kati ya 10, ya 100 nafasi 1 kati ya 100, na kadhalika. Sasa ukizijumlisha nafasi zote hizo, safari 100 zinakupa rekodi kama 5 tu kwa wastani, na ukienda safari 1,000, yaani umezeekea bwawani, unapata kama 7 na nusu. Zile safari 900 za nyongeza zimekuletea rekodi mbili na ushee! Ndo maana mwaka wa kwanza wa kuvua mtu ana furaha, kila mwezi anapiga picha mpya, alafu mwaka wa tatu anaanza kusema bwawa limeharibika, wachawi, sijui ndoano za siku hizi feki. Bwawa linaweza kuwa liko vile vile. Ni hesabu tu imeanza kumkaba.

Kwahiyo kama unataka kuivunja rekodi yako tena usingoje bahati ikuletee, badilisha kimojawapo, maji, saa, au chambo. Hilo ndo nililokuja kusema, na lina gharama, nitaitaja.

Bahati ipo lakini, tusiikatae. 1932, tarehe 2 Juni, kijana mmoja wa jimbo la Georgia anaitwa George Perry, mtu wa shamba, baba kashafariki, familia inamtegemea, siku hiyo mvua imenyesha shamba halilimiki akaenda zake kuvua na mwenzake sehemu inaitwa Montgomery Lake, jina kubwa ila ni kidimbwi tu kilichobaki mto Ocmulgee ulipohama njia yake. Wana fimbo moja na chambo kimoja cha bandia, wanapokezana. Zamu yake Perry akanasa kitu akadhani kisiki. Alipomtoa wakampeleka dukani kumpima, ratili 22 na wakia 4, ukiweka kwa kilo ni kama 10.1. Akapeleka uzito kwenye shindano la gazeti akashinda zawadi za vifaa, dola 75, na samaki mwenyewe akaenda nyumbani akapikwa akaliwa. Hakuna aliyemhifadhi. Mi hapo ndo nampendea Perry, rekodi ya dunia imeliwa kama mboga ya Jumatano.

Ikakaa miaka 77. Wamarekani mamilioni wanavua besi kila wikiendi, mashindano, boti za injini, vyombo vya kuangalia chini ya maji, hakuna. Alafu tarehe 2 Julai 2009 Mjapani, Manabu Kurita, ziwa Biwa, anatumia samaki mdogo mzima kama chambo, anatoa besi wa ratili 22 na wakia 4.97. Kampita Perry kwa chini ya wakia moja, gramu kama 27 hivi, vijiko viwili vya sukari. Sasa sheria ya shirika la kimataifa linalotunza hizo rekodi, IGFA, inasema kwa samaki wa uzito huo lazima umpite mwenzio kwa wakia 2 kamili. Wakamhoji, wakampima na mashine ya kugundua uongo akapita, mwisho mwaka 2010 wakaandika sare. Watu wawili, mmoja na chambo cha mbao kidimbwini mwingine na chambo hai kwenye ziwa kubwa, wamegawana namba moja.

Lakini wanaonifundisha mimi ni wale wa kusini mwa California. Wale bahati waliiweka pembeni. 1959 huko San Diego walileta besi wa ukoo wa Florida, ambao wanakua wakubwa kuliko ndugu zao wa kaskazini, wakawapandikiza kwenye mabwawa ya maji ya kunywa. Mabwawa yale yale yanamwagiwa samaki aina ya trauti ili watu wavue, na besi akagundua trauti ni nyama laini yenye mafuta inayoletwa na gari mpaka mlangoni. Wakafumuka. Bwawa moja dogo, Dixon, ukilizunguka kwa miguu hata hujachoka, alikuwemo jike mmoja ana doa jeusi chini ya shavu. Mwaka 2003 Jed Dickerson akamtoa ana kilo 9.8, akamrudisha. 2006 rafiki yake Mac Weakley akamtoa tena, mizani inasoma ratili 25 na wakia 1, kilo 11.4, kampita Perry mbali kabisa. Ila ndoano ilimshika ubavuni, sio mdomoni. Wakampima, wakampiga picha, wakamwachia, na Weakley hakuipeleka kuandikishwa. Rekodi ya dunia ilikuwa mkononi! 2008 akaonekana anaelea, kafa, wakamtambua kwa lile doa.

Angalia hawa walichofanya. Walichagua bwawa lenye chakula, wakachagua samaki mmoja, yaani walikuwa wanamjua kwa sura. Wengine wote waliokuja Dixon kutafuta besi watatu wanne wa kupigia picha walikuwa wanafanya mchezo mwingine kabisa japo wamesimama pamoja.

Na mjue, jike. Besi wakubwa karibu wote ni majike, dume linabaki dogo kazi yake kulinda kiota.

Haya turudi nyumbani. Hombolo. Bwawa la 1957, wengi wenu mababu zenu walikuwepo linajengwa, kila mvua inaleta mchanga na udongo kutoka mashambani kina kinapungua, na nyavu zipo mchana na usiku. Perege akifika saizi ya kiganja ana bahati. Kwahiyo mtu anayeniambia anasaka perege wa rekodi Hombolo namwambia bro, tafuta maji mengine, unapigana na nyavu na nyavu hazilali. Kambale ni habari tofauti. Kambale anavuta hewa ya juu kama wewe, maji yakiisha anaweza kukaa kwenye tope ambako perege angekufa mapema, anakula chochote kuanzia mdudu mpaka samaki mwenzie, anatafuta kwa harufu na zile sharubu hata kwenye maji machafu yenye rangi ya chai ya maziwa. Samaki wa hivyo anaweza kuishi miaka kwenye bwawa linalovuliwa sana. Ndo maana mimi nasaka kambale.

Gharama sasa. Ukitaka kambale mkubwa inabidi uache kuvua vidogo, na hapa ndo wengi tunashindwa, si kwa mbinu ila kwa roho. Minyoo inakupa perege kumi na vikambale vya nusu kilo, mama watoto anafurahi, mboga ipo. Mkubwa nampa kipande cha samaki au utumbo wa kuku kwenye ndoano kubwa, wengine wanaapia kipande cha sabuni na sibishani nao, na hiyo ndoano vidogo haviwezi kuimeza kwahiyo hakuna kinachogusa saa moja, saa mbili, saa tatu. Usiku. Mbu. Mwenzako wa pembeni anatoa tu anatia kwenye ndoo anakuuliza "vipi kaka, pamoto?" Unarudi alfajiri mikono mitupu nyumbani kuna mlenda. Kuna mke wa mtu, simtaji, alimwambia mumewe kama unaenda kukaa tu si ukae hapa barazani. (watu wanacheka) Ana hoja! Ndo mnielewe, anayesaka rekodi anakubali kabisa kuwa siku nyingi atafeli, na asiye tayari avue perege kwa raha zake, hana kosa lolote, mi mwenyewe mwisho wa mwezi navua perege.

Na akija mkubwa hatingishi sana mwanzoni. Kidogo anacheza boya, linalala ubavu, linasimama, alafu mshipi unaanza kutembea taratibu kwenda kushoto kama mtu ameuokota anaondoka nao. Usivute. Mwache atembee, hatua kama mbili tatu za mtu, hapo ndo unabana na kuinua. Ukivuta kwenye ile boya inayocheza unampokonya mdomoni. Akishafika ukingoni jihadhari na miiba ya yale mapezi ya mbele, ina meno, mkono unavimba siku mbili.

Kupima. Hapa naomba nikae kidogo maana rekodi nyingi za Dodoma zimepimwa kwa macho. Kambale anateleza kwa ute, anajinyonga, ukimning'iniza kwenye mizani ya ndoano namba inaruka 5, 8, 6, 9 na wewe macho yameiona ile 9 tu. Loweka kiroba, kikamue, kipime kitupu kwanza uandike. Mtie kambale ndani, funga, kining'inize kwenye tawi au kijiti, sio mkononi mwako maana mkono unatetemeka, toa mkono kabisa, subiri namba itulie, soma, toa uzito wa kiroba. Wangu mkubwa mizani ilitulia kwenye 7.8, kiroba gramu 300, basi ni kilo 7.5, na kuna jamaa alikuwepo anawaambia watu ni kumi na moja, nimeshachoka kumsahihisha. Kambale wa aina hii anaweza kupita mita moja na nusu kwa urefu, kwahiyo kilo 7.5 sio kitu cha kumwita mwandishi wa habari. Ila ni yangu na nikiivunja nitajua kweli nimeivunja.

Kuhusu kurudisha majini najua mtanizomea. Wenye besi wanarudisha kwasababu jike kubwa ndo lenye mayai mengi. Kambale wetu mvua za mwanzo zikipiga, Desemba hivi, anapanda kwenye majani yaliyofurika kutaga na ndo hapo watu wanawapiga kwa panga kwenye maji ya magotini, wamejaa mayai. Mi wale siwavui. Msimu mwingine namla kambale wangu na ugali wa uwele bila aibu, Perry alimla wake.

Maswali. Naam dada. ... Dada anauliza mbona nang'ang'ania Hombolo wakati Mtera kuna maji mengi. Swali zuri, na kwa hesabu yangu ya mwanzo Mtera ni sawa kabisa, bwawa kubwa, Ruaha Mkuu unaingia pale na Kizigo, chakula kipo. Tatizo langu ni mamba. Hombolo nakaa ukingoni usiku na tochi, Mtera ukingoni usiku sikai, na kambale mkubwa usiku ndo anatembea, kwahiyo Mtera lazima iwe mtumbwi, na mwenyeji anayejua viboko wanapita wapi, na mpite ofisi ya uvuvi kwanza mambo ya leseni yawe sawa. Peke yangu siwezi gharama hiyo. Tukipata watu sita hivi tukachangia mafuta na mtumbwi inawezekana kabla mvua hazijaanza, anayetaka aache jina kwa katibu pale mlangoni na aseme kabisa kama anajua kuogelea.