Mama Kaizima Friza

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Wazee wangu, ndugu zangu wa Wete, Chake Chake na Mkoani, na nyinyi wa Unguja mnaonitazama, nataraji nyote mu wazima. Leo siwatembezi sokoni wala bustanini. Nimekaa jikoni kwangu hapa Leicester, mwezi wa Disemba, jua limeshatua tangu saa kumi za jioni, na hili koti mnaloliona nimelivaa ndani ya nyumba. Siku zote nikitaka kurikodi hulivua kwanza. Najifunga kanga nzuri, nawasha taa zote, naielekeza simu upande ambao ukuta haujafanya koga. Leo nimekaa upande wa koga, na koti sikulivua, kwa sababu ya maneno niliyoyasikia juzi kutoka nyumbani.

Mama yangu yuko Limbani, Wete, kule Pemba. Wengi wenu mmezila barafu zake: za ukwaju, za ubuyu, za maziwa na iliki, kwenye vile vifuko vyembamba, watoto wa skuli wanaving'ata pembeni wakafyonza njia nzima. Friza niliinunua mimi, mwaka wa pili tangu kufika huku. Ilishuka bandarini Mkoani, ikaja Wete juu ya gari ya mizigo, na siku ile mama alinipigia simu mara tatu kunishukuru. Kwa friza ile hajamuomba mtu pesa ya kitoweo. Sasa juzi nazungumza na mtoto wa kaka yangu, ana miaka saba, namuuliza: bibi yako anauza siku hizi, na joto hili la kaskazi? Mtoto hajui kuficha. Akanambia, "Bibi kaizima friza, shangazi. Katia nguo ndani yake."

Miezi mitatu, jamani. Kila wiki nampigia mama, namuuliza biashara, ananijibu alhamdulillahi, inakwenda. Na yeye ananiuliza, "Baridi vipi huko, mwanangu?" Namjibu nyumba ina joto, tumeshazoea. Ananisitiri, na mimi namsitiri. Ndivyo tulivyolelewa. Hata nyumba isiyokuwa na kitu ilikuwa ikiteleka sufuria ya maji, jirani aone moshi asiulize. Sitara ni jambo zuri na Mungu anaipenda, mimi siikatai. Lakini nimekaa nikafikiri: kama mimi na mama tunafichana bili ya umeme, nani atakayeisema? Yule anayepanga bei atajuaje kuwa kule Limbani kuna mama anaweka nguo ndani ya friza?

Basi naanza mimi.

Mita yangu ipo kabatini karibu na mlango. Ni ya kulipia kabla, kama TUKUZA yenu, kasoro hii ina kadi ambayo naipeleka dukani kuijaza. Zamani nilikuwa nalipa kwa mwezi. Bei zilipopanda mwaka 2022 nikaanza kubaki nyuma, deni likakua, na kampuni inayoniuzia ikanigeuzia mita. Tangu hapo kila nikitia pauni 20, pauni 5 zinakwenda kulipa deni kabla sijawasha hata taa. Halafu kuna ada ya kila siku, ile ya kuwa umeunganishwa tu. Kwa umeme peke yake ni zaidi ya nusu pauni kwa siku, uwashe usiwashe. Niliwahi kukaa na watoto siku tatu kwa mwenzangu Birmingham, nyumba imefungwa, narudi nakuta pesa imeliwa. Kwa hiyo chumba kimoja tu ndicho kinachopashwa joto, kuanzia saa kumi na moja jioni mpaka watoto walale. Kazi zao za skuli wanafanyia humo humo, wakitoka kwenda chooni wanakimbia. Hii koga nyuma yangu imetokana na hayo. Ukuta wa baridi unalia maji, maji yanazaa koga, na mdogo anakohoa tangu Novemba.

Nimeyasema. Mama, utanisamehe, najua utaiona hii.

Sasa mtaniuliza, nchi tajiri kama Uingereza, imekuwaje? Huku nyumba zinapashwa joto kwa gesi, na hata umeme, mara nyingi bei yake inafuata bei ya gesi kwa sababu mitambo ya gesi ndiyo inayowashwa mwisho kuziba pengo. Gesi ilishaanza kupanda mwaka 2021. Februari 2022 Urusi ikaivamia Ukraine, na gesi ikawa silaha. Kuna taasisi ya serikali, Ofgem, inayoweka kikomo cha bei, na kila kikomo kinatangazwa kwa hesabu ya nyumba ya kawaida kwa mwaka. Oktoba 2021 kilikuwa pauni 1,277. Aprili 2022 kikaruka mpaka 1,971. Oktoba mwaka ule kingefika 3,549, watu wakashikwa na kiwewe, serikali ikaingia kati ikabeba sehemu ya gharama ili nyumba ya kawaida isizidi 2,500. Kikomo cha Oktoba 2025 kilikuwa 1,755. Utasikia wanasema bei imeshuka. Imeshuka kutoka juu ya mnazi, lakini haijafika chini: kikomo kile bado kilikuwa karibu pauni 500 zaidi ya pale nilipokuwa naweza kulipa bila kukopa. Na zile pauni 500 ndizo mlizokuwa mkiziona nyinyi, kwenye hawala ya kila mwezi. Jamaa wamesema huku nje nimebadilika, nimekuwa mgumu wa mkono. Sikubadilika. Zinaingia kabatini mle.

Mimi kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao. Nawakogesha, nawapa dawa, nawapikia. Kuna bibi mmoja ninayemwendea asubuhi, ana miaka themanini na kitu, nikifika namkuta kitandani na kofia ya sufu na glavu. Ana pesheni yake ndogo, lakini si ndogo ya kutosha kuhesabiwa masikini. Kuna malipo ya serikali ya kuwasaidia wazee wakati wa baridi, pauni 200 au 300 kwa nyumba. Julai 2024 Waziri wa Fedha, Rachel Reeves, akatangaza kuwa watakaoyapata ni wale tu wanaopokea ruzuku ya umasikini. Wazee karibu milioni 10 wakatolewa. Bibi yangu akawemo.

Wale wazee hawakusitiri, na hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri. Walipiga simu redioni wakasema wanalala na makoti. Waliwaandikia wabunge wao, tena kwa majina yao na mitaa yao. Bibi yangu mikono inamtetemeka, barua yake aliniandikisha mimi, kwa kalamu, akataja kila kitu: digrii ngapi chumbani, siku ngapi hakuoga kwa kuogopa baridi. Mimi nilikuwa naona haya kuiandika, yeye hakuona haya kuisema. Mei 2025 chama kinachotawala kikapigwa vibaya kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa, na wagombea wake wenyewe walisema kila mlango waliobisha waliulizwa habari ya malipo ya wazee. Juni 2025 serikali ikarudi nyuma: kila mstaafu wa England na Wales ambaye kipato chake hakizidi pauni 35,000 kwa mwaka akarudishiwa. Siku bibi alipopata habari alinitaka nimsomee ile barua yake tena, nakala alikuwa nayo chini ya mto wa kitanda.

Nikarudi nyumbani usiku ule namfikiria mama.

Kwetu umeme tumeupata kwa taabu, wenye umri wangu mnakumbuka. Pemba mpaka mwaka 2010 tulikuwa na majenereta ya dizeli pale Wesha, umeme ukija leo kesho haupo, ndipo ikalazwa waya chini ya bahari kutoka Tanga kwa msaada wa Norway. Unguja waya wao wa kwanza, wa kutoka Ras Kiromoni mpaka Fumba, ni wa 1980. Mwaka 2008 umeme ulikatika karibu mwezi mzima. Halafu Disemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu, giza. Mimi nilikuwa Unguja, nasoma, nakaa kwa mama mdogo Jang'ombe. Pampu hazivuti maji bila umeme, kwa hiyo tulipanga foleni ya ndoo tangu alfajiri, skuli naingia kanga imelowa begani. Wenye majenereta waliuza barafu kwa bei waitakayo. Samaki walikuwa wanaoza Darajani kabla ya adhuhuri. Nilijifunza kwenye foleni ile kwamba umeme si taa tu. Ni maji, ni samaki, ni dawa ya sindano ya mgonjwa wa sukari inayotaka baridi. Waya wa pili wa Fumba, uliojengwa kwa fedha za Marekani, ulikuja 2013.

Kwa hiyo umeme wetu mwingi tunaununua Bara. TANESCO, shirika la umeme la Bara, anamuuzia ZECO, shirika la umeme la Zanzibar, kwa jumla, ZECO anatuuzia sisi kwa TUKUZA. Mama akitia tukuza ya shilingi elfu tano anadhani anazungumza na mita yake tu, kumbe pesa ile ina njia ndefu, na njiani kuna watu wanaoamua. Machi 2017 Rais Magufuli aliiagiza TANESCO iwakatie wadaiwa wakubwa wote, na Zanzibar akaitaja. Mnakumbuka mazungumzo ya barazani wakati ule, watu wanatafuta kandili za zamani darini. Kisha kuna kodi: umeme ukivuka bahari ulikuwa unatozwa kodi ya ongezeko la thamani, wakubwa wa pande mbili za Muungano wakabishana miaka, mpaka Sheria ya Fedha ya 2019 ikaishusha kodi hiyo kuwa sifuri, na sababu iliyotolewa ni kumpunguzia gharama mtumiaji wa Zanzibar. Mtumiaji wa Zanzibar ni nani? Ni mama, na friza yake. Basi ana haki ya kuuliza ile nafuu ilimfikia kiasi gani.

Sasa hivi kule Rufiji kuna bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, mashine ya kwanza ilianza kuzalisha Februari 2024. Nalifurahia sana, wallahi. Na namtaka Mwakilishi wa jimbo letu asimame kwenye Baraza la Wawakilishi aulize: umeme ukiwa mwingi Bara, uniti ya Limbani itabadilika lini? ZURA, wasimamizi wa nishati na maji Zanzibar, inatutangazia bei ya mafuta kila mwezi, tunaisikia redioni, tunajua petroli imepanda kwa ajili gani. Kwenye umeme wa nyumbani nataka nielezwe hivyo hivyo, kwa Kiswahili, mpaka mama aelewe.

Wengine mtasema, friza ni anasa, wapo watu hawana umeme kabisa. Kweli wapo, na nawajua. Lakini mama hakununua friza kunywea maji baridi. Na alipoizima hakupata nafuu yoyote. Alikosa kipato, akarudi kwenye kuchuma na kuuza majani ya mhogo. Kwenye kupika ni vile vile. Mei 2024 serikali ya Muungano ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, asilimia 80 ya watu waache kuni na mkaa ifikapo 2034. Zuri hilo. Mama mtungi wa gesi anao, umekaa pembeni mtupu, kwa sababu kuujaza kunataka pesa ya mara moja, na pesa ya mara moja hana. Mkaa ananunua fungu kwa fungu, seredani haijapumzika, na kwa fungu anakuwa amelipa zaidi. Masikini ananunua kila kitu kidogo kidogo, na kidogo kidogo ni ghali, iwe kwa seredani ya Limbani au kwa kadi yangu hii.

Jana usiku nilimpigia mama, nikamwambia nimeshajua. Alinyamaza muda. Kisha akasema, "Sikutaka ulipe na yangu." Nikamuonesha ukuta huu kwa video. Naye akashika simu akaenda akaifungua friza, nikaziona kanga zake zimekunjwa vizuri, na juu yake msahafu. Tukalia, kila mtu na upande wake wa bahari.

Tumekubaliana hivi. Kila Ijumaa baada ya sala tunapigiana simu, na kabla ya salamu nyengine kila mmoja anasoma mita yake kama ilivyo. Ramadhani haiko mbali, watu watataka barafu za kufutarisha. Nimemwambia aiwashe friza mwezi wa Shaabani, tukuza tutaigawa, na kaka atamsindikiza kwa sheha na kwa Mwakilishi na daftari la matumizi ya miezi mitatu. Mimi hapa barua yangu kwa mbunge wa eneo hili nimeshaianza, juu ya ile pauni 5 ya deni. Bibi wa kofia ya sufu ndiye anayenisahihishia Kiingereza.

Leo ni Ijumaa. Yangu imebaki pauni 6 na senti 40. Mama amesoma yake, uniti 11. Kanga ameshazitoa.