Ncha ya Chini ya Stenti: Mhadhara kuhusu Mchaniko wa Aota

Ndugu madaktari, wauguzi na wanafunzi,

Nazungumzia mchaniko wa aota, mshipa mkuu utoao damu moyoni, wa aina B, unaoanzia baada ya ateri ya mkono wa kushoto. Tabaka la ndani huchanika, damu ikajipenyeza ukutani na kujichimbia njia ya uongo kando ya njia ya kweli. Stenti yenye kitambaa, yaani mrija wa waya uliovikwa kitambaa, hupitishwa kinenani na kufunguliwa ili izibe tundu hilo. Katika utafiti wa INSTEAD-XL, baada ya miaka 5 vifo vilivyotokana na aota vilikuwa asilimia 6.9 kwa waliowekewa stenti pamoja na dawa, na 19.3 kwa waliotumia dawa peke yake. Faida kubwa namna hii inauma kuiona ikiharibiwa na kifaa chenyewe.

Mara nyingi huharibikia ncha ya chini. Nitinoli, aloi ya nikeli na titani inayoundia waya za stenti, hukumbuka umbo lake. Stenti iliyoundwa ikiwa imenyooka, ukiipindisha kwenye tao la aota, hupigania kunyooka usiku na mchana, na ncha yake husukuma utando dhaifu unaotenga njia ya kweli na ya uongo hadi ukatoboka. Damu inarudi njia ya uongo. Fito ya chuma inayokwenda urefu wote wa kifaa huongeza msukumo huo. Vifaa vifupi, chini ya milimita 165, navyo vimehusishwa na tatizo hili, kwani huishia penye kona. Ila usirefushe ovyo: ukipita sentimita 20 unazidi kuziba ateri zinazolisha uti wa mgongo, na mgonjwa anaweza kupooza miguu.

Sasa vipimo, na hapa naomba tutulie. Tuseme juu, penye ukuta usiochanika, aota ina kipenyo cha milimita 32. Chini, njia ya kweli imebanwa: 28 kwa 12, wastani 20. Stenti ya milimita 34 yenye upana uleule juu hadi chini imezidi juu kwa asilimia 6 tu, lakini chini kwa asilimia 70! Inayopungua upana kutoka 34 juu hadi 26 chini bado imezidi huko chini kwa asilimia 30. Ndiyo maana wengine hutanguliza ya 22 chini, kisha huiingiza hiyo inayopungua ndani yake. Mimi naona ni kazi ya ziada inayostahili.

Juu, usizidishe upana wa stenti zaidi ya asilimia 10 ya aota, na usipulize puto. Ukuta ukichanika kurudi nyuma kuelekea moyoni, mgonjwa anahitaji kufunguliwa kifua haraka. Kuhusu chemchemi za juu zisizo na kitambaa, yaani waya tupu za ncha ya juu ya stenti, wataalamu wanabishana. Mimi huzikwepa sehemu ya ukuta usiochanika ikiwa fupi.

Tundu jipya laweza kutokea bila maumivu yoyote. Piga picha ya CT kabla ya kumruhusu mgonjwa, kisha mwezi wa 6, wa 12, na kila mwaka. Anza kusoma picha kwenye ncha ya chini. Ukilikuta tundu, ongeza kipande kingine kuelekea chini, ukikipima kwa njia ya kweli ilivyo siku hiyo.