Kutunga hadithi na watoto kwa vitabu vya picha vya kuchekesha

Walimu wenzangu na wazazi, karibuni. Leo tunatunga hadithi na watoto wa darasa la tatu, na tunaanza kwa kuwachekesha, maana wengi wao wakiona ukurasa mtupu wanaganda.

Kwanza tafuta kitabu. Kama shuleni hakuna, ingia kwenye tovuti ya African Storybook. Vipo vya Kiswahili, na kuvipakua ni bure. Chagua chenye picha kubwa na maneno machache.

Sasa tazama hapa: maneno nimeyafunika kwa kipande cha karatasi, imebaki picha tu. Waulize, "Huyu anataka nini? Mnadhani kitamharibikia nini?" Waache wabishane. Kisha funua, uwasomee kwa sauti.

Hatua inayofuata usiipitie haraka. Kicheko kingi katika vitabu hivi hutokea pale maneno yanaposema hili na picha ikaonyesha lile. Andika ubaoni: "Kato ni mtoto msafi sana." Chini yake mchore Kato ana tope hadi masikioni. Wakishamaliza kucheka, kila mtoto aandike sentensi moja ya namna hiyo na kuchora picha yake. Wape muda wa kutosha. Hapa hata mtoto mkimya huwa na la kusema.

Tutengeneze kijitabu. Kunja karatasi ya A4 katikati mara 3, uifungue: vyumba 8. Ikunje mara moja kwa upana, kata kuanzia kwenye mkunjo hadi katikati, basi. Ifungue, ikunje kwa urefu, sukuma ncha mbili zikutane. Umeona? Kurasa 8.

Ukurasa wa 1 ni jalada. Wa 2 na wa 3, mhusika na anachokitaka. Wa 4 na wa 5 anajaribu, mambo yanamharibikia. Ukurasa wa 5 uishie njia panda: "Mbuzi akasukuma mlango wa ofisi ya mwalimu mkuu, akaona…" Msomaji afunue mwenyewe kujua. Kioja kikae ukurasa wa 6, matokeo wa 7. Wa 8 mtoto ajieleze yeye mwandishi.

Wabadilishane, wasomeane. Wenzake wasipocheka pale alipotaka, arudi ukurasa wa 5 aangalie kama alitoboa siri mapema. Tahajia na herufi kubwa msahihishe baadaye, wakati wa nakala safi.