Dole moja, maswali mawili

Hamjambo nyote, na asanteni kwa kuvumilia hadi umeme uliporudi.

Mliniomba nizungumzie majina ya kisiasa na mambo ya wanawake, nami nimechagua tohara ya wasichana. Leo hii ukimsikiliza mtu redioni anayeshindwa kujibu hoja ya mwanamke, atasema tu, "Huyo ni wa NGO," na mjadala umekufa hapo. Lakini nikianza na ya leo tutagombana kabla ya chai. Acha nianze na ya mwaka 1929, ambayo waliogombana wamekwisha kulala.

Mwaka huo Dkt. John Arthur, aliyeongoza misheni ya Kanisa la Scotland kule Thogoto, nchi ya Wagikuyu, Kenya, aliwataka walimu na waumini wake waweke ahadi kwa sahihi au kwa dole gumba. Dole hilo la wino ndilo lililozaa jina. Waliotia wakaitwa kirore. Waliokataa wakaitwa aregi, wakataaji, na wengi wao wakajiita karing'a, yaani Wagikuyu halisi.

Sasa sikilizeni ahadi yenyewe ilibeba nini. Kwanza, kuachana na tohara ya wasichana. Pili, kuachana na Kikuyu Central Association, chama kilichokuwa kikidai ardhi iliyochukuliwa na walowezi. Mambo mawili, dole moja. Mzazi ambaye hakutaka bintiye akatwe, lakini alitaka shamba la babake lirudi, angetia wapi dole lake? Karatasi haikuwa na nafasi yake, na jina lake halikuwapo kwa sababu halikuhitajika na upande wowote. Shule za misheni zikahamwa, watu wakajenga zao. Wimbo na ngoma ya Muthirigu ikavuma vijijini ikiwakejeli wamisionari, machifu na wasichana wasiotahiriwa, ambao nao walikuwa na jina lao la tusi, irigu. Serikali ya kikoloni iliipiga marufuku mwaka 1930.

Hadithi hii husimuliwa hivyo: wazungu huku, wazalendo kule. Ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo nami nilivyofundisha kwa miaka, niseme ukweli. Nilichoruka ni barua ya mwaka 1931. Kikundi cha wanawake kilichojiita Ngo ya Tuiritu, Ngao ya Wasichana, kiliandikia baraza la wenyeji kwamba kinashangaa kusikia wanaume wakijadili tohara ya wanawake, ilhali wao hawazai wala hawayajui maumivu yale. Watu wanakamatwa kama kondoo, walisema. Kila mmoja aachiwe mwili wake, akubali au akatae mwenyewe. Someni tena, taratibu. Hawakuomba katazo la misheni, hawakuomba ngoma ya karing'a. Walitaka waulizwe. Ndiyo maana barua ile ni ngumu kuitia katika mtihani wa historia: utawaweka upande gani?

Kisha Meru, 1956. Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Wameru, wanaume pekee, likapiga marufuku tohara ya wasichana. Ilikuwa Hali ya Hatari ya wakoloni, na waliosimamia katazo ni machifu na Home Guard, walinzi wa vijiji waliokuwa upande wa serikali, walewale waliokuwa wakiwasaka Mau Mau, wapiganaji wa ardhi na uhuru. Wasichana walifanya nini? Walishika nyembe wakakatana wenyewe kwa wenyewe. Wakaitwa Ngaitana, "nitajitahiri mwenyewe". Kati ya 1956 na 1959 watu zaidi ya 2,400, wasichana, wanawake na wanaume, walishtakiwa. Siwasifu hata kidogo. Wembe ni wembe. Ila katazo lilikuja likiwa limevaa kofia ya chifu, na msichana wa miaka kumi na mitatu akaona namna moja tu ya kumkatalia chifu.

Tuje kwenye Kiswahili chetu. Tohara ni neno la Kiarabu lenye maana ya usafi. Ukishalitamka, asiyefanyiwa umemwita mchafu kabla hajafungua kinywa. Ukeketaji unatoka kwenye kukeketa, kukata kwa kisu butu. Ukishalitamka, nyanya aliyefanyiwa, kisha akampeleka bintiye akidhani anamtendea mema, ni mhalifu kabla hajaketi. Mimi hutumia ukeketaji na sitaacha, kwa sababu kitendo chenyewe hakina usafi wowote. Lakini niliwahi kulitumia mbele ya akina mama wa makamo, wakainamisha macho kwenye leso zao. Mmoja akaniambia pembeni, "Mwalimu, sema tu kukatwa." Nikasema kukatwa. Tukazungumza hadi jua likazama.

Sheria ya Kenya ya 2011 inayokataza ukeketaji iliona nguvu ya majina. Kifungu cha 25 kinamwadhibu anayemkejeli mwanamke kwa kutokukatwa, au mwanamume kwa kumuoa mwanamke kama huyo: kifungo kisichopungua miezi sita, au faini isiyopungua shilingi 50,000, au vyote viwili. Nakiunga mkono. Lakini angalieni pengo lake. Aliyekatwa utotoni, bila kuulizwa, akikejeliwa leo kazini kwamba yeye ni nusu mwanamke, kifungu hicho hakimtaji.

Mwaka 2017 majina yakageuka tena. Daktari Tatu Kamau alikwenda Mahakama Kuu kuipinga sheria hiyo, akisema mwanamke mzima ana haki ya kuchagua. Neno "kuchagua", lililokuwa la wanaharakati, sasa limehamia meza ya pili! Machi 2021 majaji walilikataa ombi lake, nami nadhani walifanya sawa; hiari ya mtu atakayetengwa na wakwe akikataa ni hiari ya namna gani? Lakini wengi waliompinga mitandaoni hawakufika kwenye swali hilo. Walimwita majina, wakalala.

Idadi ya waliokatwa nchini Kenya imeshuka hata hivyo. Mwaka 1998 walikuwa asilimia 38 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49. Mwaka 2022 wakawa asilimia 15. Sababu ni nyingi, shule ikiwamo. Mimi leo nataja moja tu. Mwaka 1996 kule Tharaka, familia chache zilianza kuwafanyia mabinti sherehe bila kisu: wiki ya kukaa ndani, mafunzo, zawadi, kijiji kikala na kucheza. Shirika la wanawake la Maendeleo ya Wanawake lilisaidia. Wakaiita Ntanira na Mugambo, tohara kwa maneno. Neno la zamani wakalibakiza palepale, wakaondoa wembe, na mama akaweza kumkinga bintiye pasipo mtu kumuuliza kama amekuwa kirore.

Naona mkono kule nyuma umeinuliwa tangu nilipotaja nyanya. Karibu, mama, chukua kipaza sauti.